Niwekee Masomo ya La Nne

Mama mmoja alifungua fundo la kanga, akatoa memori kadi iliyokunjiwa ndani ya kipande cha karatasi, akaiweka juu ya meza ya kijana anayeingiza nyimbo na muvi pale Mwanjelwa, Mbeya.

"Kijana wangu, niwekee masomo ya la nne. Ya buku."

Kijana alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Mama akarudia. Kijana akageuza laptopu ili mama aone mwenyewe: folda ya Bongo Fleva, ya singeli, ya mieleka, ya muvi zilizotafsiriwa na madijei, na kwaya za Kinyakyusa zina folda yao peke yake.

"Masomo sina, mama yangu. Hayo yako YouTube. Unatakiwa uwe na bando."

Mama akaeleza taratibu. Mtoto ameanguka kwenye mparachichi, mguu umefungwa hogo, na daktari amesema asitembee mpaka litolewe. Simu janja ipo, ya baba yake, kioo kimepasuka lakini inafanya kazi. Kwa hiyo cha kutazamia kipo. Bando ndilo hakuna. Akasimama kidogo akiitazama ile laptopu, kisha akasema basi, mwekee nyimbo za watoto za kwaya asije akachoka kukaa peke yake. Akalipa buku yake, akaondoka.

Mimi nilikuwa pembeni nasubiri karatasi zangu zitoke kwenye printa. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikalala. Asubuhi ile sauti ilikuwa bado ipo: niwekee masomo ya la nne.

Imekaa nami kwa wiki kadhaa sasa.

## Njia ambayo nyimbo inapita

Fikiria wimbo mpya unavyofika Busokelo au Matamba. Mtu mmoja aliye mjini, mahali penye mtandao mzuri, anaupakua mara moja. Anaupeleka kibandani. Kibandani unaingia kwenye kadi za watu. Kadi moja inapanda basi kwenda Tukuyu, nyingine inapanda fuso la viazi. Huko kijijini vijana wanarushiana kwa simu, na jioni wimbo unapigwa dukani. Kata nzima imeusikia, na MB zilizotumika ni za mtu mmoja tu.

Njia hii ipo siku nyingi. Inafanya kazi mvua ikinyesha, inafanya kazi umeme ukikatika na mnara wa simu ukazima nao. Anayeishi Rungwe kati ya Novemba na Aprili anaelewa nasema nini.

Sasa tazama masomo. Yamewekwa mtandaoni bure, na walioyaweka walitaka yafike kila mahali. Lakini kila mzazi anatakiwa ayafuate mwenyewe, kwa bando lake, kwa simu yake, kila anapoyahitaji. Nyimbo na muvi, ambazo nyingi wenyewe hawakuruhusu zinakiliwe, zimefika mpaka kwenye fundo la kanga. Masomo, ambayo mengi wenyewe wameruhusu kabisa, yamebaki juu mtandaoni yakisubiri tuyafuate.

Hapo ndipo nilipokwama.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi kuhusu bando. Saa moja ya video ya kawaida inakula mamia ya MB. Mtoto aliyeelewa mara ya kwanza anafunga simu, ameshamaliza. Mtoto ambaye hakuelewa anarudia, na kila akirudia bando linaliwa upya. Kwa hiyo anayelipa zaidi ni yule anayepata shida, na mama yake ndiye anayesema "zima hiyo, inatosha" pale ambapo mtoto alikuwa anakaribia kuelewa.

## Vilivyopo

Sitaki mtu aseme hatuna vitu vya kwetu. Vipo, na vingine vimetengenezwa na watu wanaojua mtoto wa Kitanzania anacheka nini.

Ubongo Kids walianza kuonekana TBC1 mwaka 2014, hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo, kwa Kiswahili chetu. Ngedere, mmoja wa wahusika wake, anajulikana na watoto wa mtaani kwangu kama wanavyomjua jirani. Kwa wadogo wa awali kuna Akili and Me kutoka kwa watu hao hao. Kwa sekondari kuna Shule Direct, iliyoanzishwa na Faraja Nyalandu mwaka 2013, yenye notisi zilizopangwa kwa masomo na vidato. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba yake mtandaoni, na vitabu vya kiada vilevile vinavyotumika darasani vinasomwa humo bila malipo.

Halafu kuna kitu ambacho wazazi wengi niliozungumza nao hawajawahi kukifungua. Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ukifungua ya darasa la saba, unakuta swali lenyewe, kisha jedwali: wangapi walichagua A, wangapi B, wangapi C, kwa asilimia, na maelezo ya kwa nini waliochagua jibu lisilo sahihi walivutwa nalo. Soma kurasa chache za hisabati halafu kaa na mwanao. Utashangaa. Kosa uliloliona kwenye daftari lake jana ukafikiri ni uzembe, unalikuta limefanywa na maelfu ya watoto nchi nzima, na sababu yake imeandikwa. Kwangu mimi hicho ndicho kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote vya bure nilivyoviona, na ni maandishi tu. Ukurasa mmoja wa maandishi unakula MB kiduchu sana.

Kwa kusoma hadithi, kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2014, wenye hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Hadithi hizo hazijaandikwa na mtu aliyewahi kusikia tu habari za kuku na mihogo. Mtoto akisoma anajiona humo ndani.

Khan Academy, ile tovuti ya Marekani yenye video za masomo bure, naipenda, lakini kwa mtoto wa la nne wa shule ya serikali lugha inamzuia mlangoni. Anasoma hisabati kwa Kiswahili. Ukimpa video ya Kiingereza umempa masomo mawili kwa pamoja, na lile la pili hakuliomba. Mwache afike kidato cha kwanza, hapo itamfaa sana, kwa sababu ghafla karibu kila kitu kinageuka Kiingereza na anahitaji sauti ya kuizoea.

## Vijiji 170 vya Tanga

Wiki ya pili ya kuwaza haya nilikumbuka jambo lililofanyika hapahapa nchini, ambalo sijui kwa nini hatulizungumzi.

Kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2019, watoto karibu 3,000 kwenye vijiji 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti. Yalikuwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, na Serikali, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki kuyasimamia. Kazi waliyopewa washindani ilikuwa moja: tengeneza programu itakayomwezesha mtoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu mwenyewe, kwa Kiswahili, bila mwalimu pembeni. Tableti zilichajiwa kwa umeme wa jua. Masomo yalikuwa yamo ndani ya tableti tayari.

Wengi wa watoto hao, asilimia 74, hawakuwahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilipungua kwa nusu.

Mei 2019 washindi wakatangazwa, wawili kwa pamoja: onebillion ya Uingereza na Kitkit School, iliyotengenezwa na watu wa Korea Kusini na Marekani.

Niliposoma tena habari hii, kilichonishika si tableti. Tableti ni ghali na sitegemei mtu atugawie Mbeya nzima. Kilichonishika ni kwamba programu zile ziliwekwa wazi, kila anayetaka azichukue, azitumie, azibadilishe. Hilo lilikuwa sharti la mashindano. Yaani kuna programu za Kiswahili za kumfundisha mtoto kusoma, zilizojaribiwa kwa watoto wa vijijini kwetu, zilizoshindania zawadi za mamilioni ya dola, na hazidai intaneti wakati mtoto anajifunza.

Na kibandani Mwanjelwa hazipo.

## Hivi vinaruhusiwa?

Nikarudi kwa yule kijana. Sikuwa na mpango mkubwa, nilitaka tu kujua kama angekubali kuweka folda ya masomo nikimletea mimi kwenye flashi.

Nilitegemea aniulize atapata nini. Swali lake la kwanza lilikuwa tofauti kabisa.

"Dada, hivi vinaruhusiwa? Maana watu wa hakimiliki wakipita, mimi ndiye nabebewa laptopu."

Nilifurahi kusikia swali hilo kutoka kwake, kwa sababu mimi nilishalala nalo. Kusoma bure na kunakili bure ni mambo mawili. Kitabu cha kiada unaweza kuruhusiwa kukisoma mtandaoni hata kila siku, na bado huna ruhusa ya kukirudufu na kukisambaza. Hivyo sikukigusa. Lakini tangu mwaka 2002 kuna leseni zinaitwa Creative Commons, ambazo mwenye kazi anasema wazi, tena kwa maandishi: nakili, sambaza, ilimradi utaje jina langu. Nyingine zinaongeza sharti, usifanyie biashara. Hadithi za African Storybook zina leseni za aina hiyo. StoryWeaver ya India, ambayo nayo ina hadithi za Kiswahili, ni hivyohivyo. Wikipedia nayo ni hivyohivyo, na kuna programu ya bure inaitwa Kiwix inayokuwezesha kuibeba Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye kadi na kuisoma bila mtandao wowote.

Nikamwonyesha ukurasa wa mwisho wa hadithi moja, ulipoandikwa jina la mwandishi, la mchoraji, na leseni. Akausoma kwa makini, tena polepole. Akauliza kama buku anayotoza kwa kujaza kadi ni biashara. Tukalijadili kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, wateja wakisubiri. Tukakubaliana kwamba folda ya masomo haitozwi. Anayekuja kujaza nyimbo, akitaka masomo anaongezewa bure. Anayekuja kwa masomo tu anaingiziwa, anakwenda zake.

"Akija na mtoto mgonjwa siwezi kumtoza," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

## Nusu na theluthi

Kuna mashaka niliyokuwa nayo tangu mwanzo na sikutaka kuyaficha chini ya furaha ya folda. Je, mtoto akipewa simu yenye masomo, anajifunza kweli, au ameshika tu simu?

Dada yangu anakaanga maandazi Uyole. Aliishia darasa la saba. Mwanawe yuko la tano, na likizo ya Juni, kwenye ile baridi yetu ambayo mtu hataki hata kuweka mguu nje, nilimpelekea video ya kujumlisha sehemu. Aliitazama yote, akacheka panapochekesha, akarudia wimbo wake. Kisha nikamwandikia kwenye daftari: 1/2 + 1/3.

Akaandika 2/5. Haraka, bila wasiwasi.

Kabla sijafungua mdomo, mama yake, aliyekuwa anageuza maandazi kwenye mafuta, akauliza jibu ni ngapi. Mtoto akamwambia mbili ya tano. Dada akanyamaza kidogo.

"Hebu nisikilize mwanangu. Nimekupa nusu andazi. Umeshaishika?"

"Ndiyo mama."

"Nakuongezea theluthi. Mbili ya tano ni kubwa kuliko nusu au ndogo?"

Mtoto akaangalia daftari. Akachora duara, akaligawa vipande vitano, vibaya vibaya, akapaka rangi viwili. Akatazama.

"Ndogo."

"Sasa nimekuongezea, andazi limepunguaje?"

Hakujibu. Alifuta lile jibu, akakaa. Halafu akaiomba ile video tena, na safari hii hakucheka. Alisimamisha pale kwenye kutafuta asili ya pamoja, akarudi nyuma, akasimamisha tena, akaandika 3/6 na 2/6. Akapata 5/6, akamwonyesha mama yake kwanza, kisha mimi.

Video ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili mtoto alikuwa na swali, na swali lile alipewa na mama ambaye kujumlisha sehemu kwenye karatasi ameshasahau. Sasa hivi mtu akiniambia "mimi sikusoma, siwezi kumsaidia mtoto", namsimulia habari ya dada yangu. Huhitaji kujua jibu. Muulize mtoto jibu lake linaleta maana gani mkononi.

Na kuirudia ile video kuliwezekana kwa sababu ilikuwa kwenye simu tayari. Nadhani mambo haya mawili hayaachani: mtu mzima wa kuuliza, na somo linaloweza kurudiwa bila hesabu ya bando. Kimoja kikikosekana, kingine kinachechemea.

Kwa hiyo mashaka yangu hayajaisha, lakini yamepata mahali pa kukaa. Simwachii mtoto simu aende nayo chumbani. Somo linatazamwa pale mtu mzima alipo, jikoni, barazani, popote, na kuna daftari na kalamu. Bila daftari, kwangu hilo si somo.

## Kilichomo kwenye folda

Wanaoniuliza kwa ujumbe niwaambie tumeweka nini, nawajibu hapa.

Hadithi ndizo nyingi, zimepangwa kuanzia zenye sentensi moja kwa ukurasa hadi zenye aya. Tumeziweka kama PDF, na anayetaka anaprintiwa kwa bei ya karatasi. Wikipedia ya Kiswahili kupitia Kiwix. Majaribio ya sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yale ambayo mtoto anasogeza vitu kwenye skrini aone kinachotokea. Mengi yanafunguka bila mtandao ukishayapakua, na kuna yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kitkit School inamfaa anayeanza kusoma, ingawa simu yenye nafasi ndogo inalalamika.

Kwa walimu wenye laptopu kuna Kolibri, programu ya bure ya kuhifadhi masomo. Inapakuliwa mara moja pamoja na masomo unayochagua, kisha laptopu inarusha Wi-Fi yake yenyewe, na simu au tableti zilizo chumbani zinasoma kutoka humo, bila intaneti. Mwalimu mmoja wa tuisheni Ilomba ameanza kuijaribu. Nitaandika zaidi akishakaa nayo muhula mzima, kwa sababu siku ya kwanza kila kitu kinapendeza.

Kuhusu mtaala mpya, tahadhari. Ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na unapanda mwaka hadi mwaka. Notisi za zamani za la nne zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hazina Historia ya Tanzania na Maadili, na baadhi ya masomo yamepangwa upya. Hisabati na kusoma haviharibiki sana, sehemu ni sehemu. Kwa masomo mengine, linganisha kwanza na kitabu cha sasa kwenye maktaba ya TET kabla hujampa mtoto.

Watu wanaomba nini zaidi? Kijana anasema ni hadithi za wadogo, na wengi wanaoomba ni bibi wanaolea wajukuu. Hilo sikulitegemea. Bibi mmoja kutoka Isyesye alirudi kuomba zenye maandishi makubwa, akasema anasoma na yeye.

Pengo kubwa ni hisabati ya la nne kwa Kiswahili, iliyoelezwa taratibu, yenye ruhusa ya kunakili. Vya kutazama mtandaoni vipo. Vya kubeba kwenye kadi kwa ruhusa ni vichache mno, na hicho ndicho yule mama alichokuja kutafuta.

Kwa hiyo naomba, na naomba walimu wa kwetu hasa, wa Mbeya, Rungwe, Njombe, Makete, Iringa. Chagua mada moja unayoifundisha vizuri mpaka watoto wanakuomba urudie. Kaa mahali pasipo na kelele, rekodi kwa simu yako dakika kumi, sauti tu inatosha, na mwanzoni taja jina lako na useme kwamba unaruhusu inakiliwe na kusambazwa bure. Andika mifano kwenye karatasi moja, ipige picha. Peleka vyote kibanda cha nyimbo kilicho karibu nawe. Sauti ya dakika kumi ni MB tano hivi, na hata vitochi vingi vyenye sehemu ya memori kadi vinaweza kuicheza.